Ramani ya Mafuta na Shamba la Mfanyakazi



Tangu Uganda ilipotangaza mwaka 2006 kwamba mafuta yaliyopatikana kando ya Ziwa Albert yanatosha kuchimbwa kwa biashara, na tangu Kenya nayo ilipoyapata Turkana mwezi Machi 2012, swali moja halikomi katika viwanda vya Tororo, katika mashamba ya miwa ya Busia na kwenye foleni za malori pale Malaba. Je, na huku kwetu yapo? Na kama yapo, shamba langu litachukuliwa?

Hayo ni maswali mawili, ingawa watu huyauliza kwa mkupuo mmoja. La kwanza hujibiwa na mwamba. La pili hujibiwa na ofisi, na ofisi hutumia ramani. Tumeona ni vema kueleza jinsi ramani hizo zinavyotengenezwa, zinasema nini juu ya Busia na Tororo, na kwa nini mfanyakazi anayelala katika laini za kampuni, huku mkewe au wazazi wake wakilinda shamba nyumbani, hapaswi kuzidharau.

MAFUTA HUKAA WAPI

Wengi wetu hudhani kwamba mafuta yamekaa chini ya ardhi kama maji ya ziwa, au kama petroli ndani ya tangi. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya mwamba wenyewe, katika vitundu vidogo sana, kama maji yanavyojificha ndani ya tofali lililoloweshwa. Ili yapatikane, hapana budi mambo kadhaa yakutane mahali pamoja. Kwanza, zamani sana pawe palikuwa na ziwa au bahari, na mabaki ya mimea na viumbe vidogo yakazama katika tope lake. Tope hilo lifunikwe na tope jingine, tabaka juu ya tabaka, mpaka lifike kina cha kilomita kadhaa, ambako joto la ardhi hulipika polepole kwa muda wa mamilioni ya miaka. Hapo ndipo mafuta hutokea; yakipikwa zaidi huwa gesi. Kisha mafuta hayo, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda juu mpaka yakute mwamba wa mchanga wenye nafasi ya kuyahifadhi, na juu ya mchanga huo pawe na tabaka la udongo mgumu la kuyazuia. Kifuniko hicho kikikosekana, mafuta huvuja mpaka juu ya ardhi na kupotea.

Bonde la Ziwa Albert lina mambo yote hayo. Ardhi ya pale ilididimia, ziwa likaingia, na mito ikaleta matope kwa muda mrefu hata unene wake ukafikia kilomita kadhaa. Na kwa kuwa kifuniko chake kina nyufa, mafuta huchuruzika yenyewe mahali pengi kando ya ziwa. Wavuvi na wenyeji waliyaona kabla mtaalamu yeyote hajafika.

KUTOKA MCHURUZIKO HADI RAMANI

Ramani ya kwanza ya mafuta ya Uganda ilianzia hapo. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya kikoloni ya upimaji wa miamba pale Entebbe, alitembea kwa miguu akihesabu michuruziko, na mwaka 1925 akatoa taarifa iliyoorodhesha zaidi ya hamsini. Mwaka 1938 kisima cha kwanza cha kina kirefu kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba, kikapita mita 1,200. Dalili za mafuta zilionekana, lakini hazikufuatwa. Vita vikaja, na baada ya hapo kazi ililala kwa miaka mingi.

Hatua iliyofuata ilifanyika angani. Katika miaka ya 1983 na 1984 ndege zilipaa juu ya bonde hilo zikibeba chombo cha kupima nguvu ya sumaku ya miamba. Maana yake ni hii. Mwamba mkongwe wa chini kabisa, ule mgumu kama mawe ya granite yanayochomoza mashambani kwetu, kwa kawaida una sumaku yenye nguvu. Tope la ziwa lina sumaku kidogo mno. Basi mahali ambapo chombo kinaonyesha kwamba sumaku inatoka mbali sana chini, mtaalamu hujua kwamba mwamba mkongwe umezama, na juu yake pamejaa matope mazito. Kwa njia hiyo yakapatikana mashimo makubwa matatu yaliyojaa matope chini ya bonde la Albert, na Uganda ikatunga sheria yake ya utafutaji wa mafuta mwaka 1985.

Baada ya ndege huja mitetemo. Mfanyakazi wa ghala anayetaka kujua pipa limejaa mpaka wapi huligonga kwa kidole akasikiliza. Watafuta mafuta hufanya vivyo hivyo. Hutikisa ardhi kwa gari zito au kwa baruti ndogo, kisha hutega vipokeo vingi kwenye mstari ulionyooka na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida huiona kazi hiyo kwa macho yake, maana mistari hiyo hupita katikati ya mihogo na migomba, na vijana huajiriwa kwa siku chache kufyeka njia. Mwisho kabisa huja kisima. Kabla ya kisima kuchimbwa, kila kinachosemwa ni makadirio.

Kwa hiyo ramani inayoitwa ya uwezekano wa mafuta si ramani ya mafuta. Ni ramani ya mahali ambapo inafaa kuendelea kutafuta. Juu yake Serikali huchora vipande vyenye mipaka iliyonyooka, huvipa nambari na kuvigawa kwa kampuni kwa leseni. Kule Kisumu, kwa mfano, pande za Ghuba ya Winam, kipo kipande kiitwacho 12B kilichowahi kugawiwa kampuni kwa utafutaji. Mafuta ya kuuzwa hayajapatikana huko. Mtu akikuambia kwamba kijiji chako kimo ndani ya kipande fulani, amekuambia jambo la leseni. Hajakuambia lolote kuhusu kilichomo chini.

RAMANI INASEMAJE JUU YA BUSIA NA TORORO

Inasema wazi. Sehemu kubwa ya Busia na Tororo imekaa moja kwa moja juu ya mwamba mkongwe, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mwamba huo uliundwa kabla ya kuwapo viumbe vya kutosha kufanya mafuta, na ulikwisha kupikwa, kukandamizwa na kugeuzwa mara nyingi. Juu yake hakuna matabaka mazito ya matope yaliyofunikwa. Katika Uganda, nje ya bonde la Albert, maeneo yanayotajwa kuwa na matope ya kuchunguzwa ni Moroto na Kadam huko Karamoja, Ziwa Kyoga, Ziwa Wamala, Ziwa Viktoria na Hoima. Katika Kenya ni Turkana na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, Anza, Mandera na Lamu mpaka baharini. Mwamba wa Tororo haumo.

Basi anayekuja kijijini kununua shamba kwa bei ya kunong'onezana, akidai amesikia kuna mafuta chini yake, ama amedanganywa au anadanganya. Na mwenye shamba anayeacha kupanda au kujenga kwa kungojea neema ya mafuta atangoja sana.

Lakini ardhi hiyo hiyo ina vitu vingine. Kilima cha Tororo na vilima vya Sukulu ni mabaki ya volkano zilizozimika zamani, na mwamba wake una chokaa, ndiyo sababu kiwanda cha saruji kilijengwa pale katika miaka ya 1950. Sukulu ina fosfeti ya mbolea inayokadiriwa kufikia tani milioni 230. Kampuni ya TICAF ilitengeneza mbolea pale kuanzia miaka ya 1960 mpaka uchumi ulipoporomoka wakati wa Amin, na mwaka 2018 mradi mpya wa kampuni ya Kichina, Guangzhou Dongsong, ulizinduliwa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 26. Busia ina dhahabu, inayojulikana tangu miaka ya 1930 sehemu za Tiira, ambako mpaka leo mamia ya vijana wetu hushuka mashimoni kwa kamba.

Isitoshe, sisi tumekaa njiani. Mafuta mengi yanayotumiwa Uganda hupitia kwetu. Bomba la Kenya lilitoka Mombasa likafika Nairobi mwaka 1978, na Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Kutoka hapo mzigo hubebwa na malori mpaka Malaba na Busia. Mpango wa kulivusha bomba hilo kutoka Eldoret mpaka Kampala umezungumzwa kwa miaka mingi. Kampuni ya Tamoil ya Libya ilipewa kazi hiyo, na mwaka 2012 Serikali hizo mbili zikaachana nayo. Nguzo za umeme zinazounganisha Uganda na Kenya hupita Tororo tangu miaka ya 1950. Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala. Kila kimojawapo cha vitu hivyo kina ramani yake, na kila ramani ina mstari unaopita juu ya shamba la mtu.

Hapa ndipo mafuta yanapotuhusu. Sisi hatuna kisima. Tuna njia, tuna machimbo na tuna maghala.

KAKAMEGA, MWAKA 1932

Wako watakaosema kwamba ramani ni karatasi tu, haimwondoi mtu. Wazee wa Kakamega, si mbali na Busia na juu ya mkanda uleule wa miamba, wangewajibu.

Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi ya maeneo waliyotengewa ni yao daima. Sheria hiyo ilisema kwamba kipande kikitwaliwa kwa kazi ya umma, hapana budi watu wapewe kipande kingine cha ukubwa uleule, na baraza lao liulizwe kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka duniani kote, na mamia ya walowezi waliokuwa wakielekea kufilisika walikimbilia huko na sururu. Mwaka 1932 mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, aliletwa kupima eneo hilo na kuandika taarifa juu ya utajiri wake. Na mwezi Desemba mwaka huohuo sheria ilibadilishwa: ardhi ingeweza kutolewa kwa ajili ya uchimbaji bila kutoa ardhi nyingine badala yake, na bila kungoja baraza liulizwe. Fidia ingekuwa fedha. Neno "daima" lilikuwa limeishi miaka miwili.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Kwanza walikuja watafutaji, kisha vipimo, kisha sheria, na wenye mashamba wakaambiwa mwisho. Na mpaka wenyewe tunaouvuka kila siku pale Busia ulizaliwa kwa karatasi namna hiyo. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo zima la mashariki la Uganda, lililofika mpaka Naivasha, likawa la upande wa Kenya. Wasamia na Waiteso wakajikuta nchi mbili bila kuhama.

HOIMA, MIAKA YETU HII

Ukoloni ulikwisha, lakini utaratibu wa ramani kutangulia mwananchi haukuisha wote. Mwaka 2012 Serikali ya Uganda ilianza kutwaa ardhi ya kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta Kabaale, wilaya ya Hoima. Eneo lililochorwa lilikuwa kilomita za mraba 29, lenye vijiji 13 na watu zaidi ya 7,000. Siku mali ilipoanza kuhesabiwa, wenyeji waliambiwa wasipande tena mazao ya kudumu. Amri hiyo ina sababu yake, maana wako wajanja wanaopanda miti usiku ili wahesabiwe asubuhi. Lakini fidia ilichelewa. Mtu asiyeruhusiwa kupanda kahawa wala migomba, na ambaye hajalipwa, anakula nini? Waliochagua kupewa ardhi badala ya fedha walingoja mpaka mwaka 2017 ndipo wakakabidhiwa nyumba huko Kyakaboga. Kwa miaka mitano bei za ardhi jirani zilipanda, na fedha iliyokadiriwa mwanzoni ikawa inanunua kidogo kuliko ilivyokusudiwa.

Mwezi Agosti 2014, katika wilaya hiyohiyo, familia zaidi ya mia mbili ziliondolewa kwa nguvu Rwamutonga, kwenye ardhi iliyokusudiwa mradi wa taka za mafuta. Hapakuwa na kisima pale. Palikuwa na hati iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine, na watu waliokuwa wakilima bila karatasi.

Tuseme na upande wa pili, maana ramani zikitumiwa vizuri humkinga mwananchi. Mwaka 2009 mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, ilichapisha kitabu cha ramani za bonde la Albert kinachoonyesha maji, mazalio ya samaki, mbuga na makazi, ili anayetaka kuchimba aone mapema ni wapi atadhuru. Ramani ya namna hiyo ikiwekwa juu ya ramani ya mafuta, mpangaji anaweza kusema: barabara ipite huku, na kisima cha kijiji kiachwe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanywa kwa machimbo na mabomba ya kwetu pia. Tofauti ni kama vijiji vyenyewe vimechorwa katika ramani hiyo. Shamba la kimila ambalo halijapimwa huonekana juu ya karatasi kama pori tupu, na mchoraji wa Kampala au Nairobi hupenda kupitisha mstari wake porini.

SHERIA INAMPA NINI MFANYAKAZI

Katika nchi zote mbili kilicho chini ni cha taifa. Katiba ya Uganda inaweka mafuta na madini mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, na Katiba ya Kenya ya 2010 inafanya vivyo hivyo kwa kuyahesabu kuwa mali ya umma. Juu ya ardhi ni mambo mengine. Uganda inasema ardhi ni ya raia, na kwamba mtu haondolewi kabla ya kulipwa fidia ya haki. Serikali ilipotegemea sheria ya zamani iliyoiruhusu kuingia kwanza na kulipa baadaye, mwananchi aitwaye Irumba Asumani alishindana na idara ya barabara mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba sheria hiyo haipatani na Katiba. Malipo kwanza, tingatinga baadaye. Kwa upande wa Kenya, Katiba inataka fidia kamili ilipwe bila kuchelewa, na hata inaruhusu walipwe watu waliokaa kwa nia njema bila kuwa na hati. Kifungu hiki kinawahusu wengi wetu.

Sasa shida yetu sisi wa viwandani na wa mashamba makubwa ni hii: siku mpima ardhi anapofika kijijini, mfanyakazi yuko zamu. Mzee nyumbani huambiwa atie dole gumba kwenye fomu, na fomu hiyo ndiyo inayohesabu nyumba ngapi, miembe mingapi, makaburi mangapi. Kisichoandikwa siku hiyo ni vigumu kukiingiza baadaye. Kwa hiyo waelezeni nyumbani mapema kwamba hakuna dole gumba linalotiwa kabla fomu haijasomwa kwa lugha wanayoielewa, na kwamba nakala ibaki pale. Mpima aulizwe: ramani hii ni ya kazi gani, ya utafiti, ya kupitisha bomba, au ya kutwaa ardhi yote? Si kitu kimoja. Wanaofanya utafiti hupita na kuondoka, nao hulipia mazao waliyoharibu. Bomba hubakia milele katika ukanda wake. Lile la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limetengewa ukanda wa mita 30, ambao ndani yake hupandi mti wala hujengi. Machimbo huchukua kila kitu.

Thamani ya mazao nayo haitungwi na mpima. Upande wa Uganda, halmashauri ya ardhi ya wilaya ina orodha ya bei ya kila mmea, na sheria inataka ipitiwe kila mwaka. Orodha iliyopitwa na wakati ni hasara ya mwenye shamba, na ni jambo ambalo viongozi wa matawi ya chama wanaweza kulifuatilia wilayani Tororo na Busia kwa barua tu. Upande wa Kenya utwaaji wa ardhi hupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, nayo hupaswa kutangaza majina na nambari za viwanja katika gazeti rasmi la Serikali na kusikiliza madai kabla ya kukata bei. Na katika nchi zote mbili shamba ambalo familia inalitegemea haliuzwi bila idhini ya mke au mume, hata mnunuzi awe na haraka ya namna gani.

Anayetaka kujua kama kijiji chake kimo ndani ya leseni ya madini hahitaji kumlipa dalali. Serikali zote mbili zimeweka ramani za leseni za madini kwenye intaneti, ambako kila kipande kina nambari, jina la kampuni na tarehe ya kuisha. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua wakati wa mapumziko na kuisoma mbele ya wenzake. Ramani za mafuta za Uganda zimo Entebbe, katika idara ya mafuta. Viongozi wa matawi wanaombwa kubandika nakala za sehemu za kwetu kwenye ubao wa matangazo, pamoja na orodha ya bei za mazao ya mwaka huu.